Jinsi ya Kulilinda Ini la Mtu Anayetumia Dawa za Kifafa

Watu wengi wanaotumia dawa za kifafa humaliza miaka mingi bila ini lao kupata tatizo lolote la maana. Wachache hulipata, na miongoni mwa hao wachache wapo ambao ini lao huharibika kwa kasi ya siku chache tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa, mzazi na yeyote anayemuuguza mwenye kifafa, ili aweze kutenganisha mabadiliko madogo ya kipimo, ambayo daktari huyafuatilia kwa utulivu, na hali ya hatari isiyoweza kungoja tarehe ya kliniki. Nitasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: dalili za mwili mara nyingi huitangulia karatasi ya maabara, na kipimo kizuri cha mwezi uliopita hakimlindi mtoto anayetapika leo.

Usiache dawa nyumbani kwa hofu

Dawa ya kifafa haiachwi ghafla kwa uamuzi wa nyumbani, hata pale unaposhuku kwamba inaliumiza ini. Ubongo uliozoea dawa hiyo ukiikosa kwa ghafla unaweza kuingia katika degedege lisilokatika, yaani degedege linalodumu zaidi ya dakika 5 au yale yanayofuatana bila mgonjwa kurudiwa na fahamu, na hali hiyo inaua. Fenobabito ni miongoni mwa dawa zilizo hatari zaidi kuachwa kwa namna hiyo. Hospitalini mambo ni tofauti, kwa sababu daktari akiona kuna ulazima anaweza kuisimamisha dawa siku hiyo hiyo huku akimpa mgonjwa dawa nyingine ya kuziba pengo na kumweka chini ya uangalizi. Kwa hiyo ukiziona dalili za hatari nitakazozieleza hapa chini, jitahidi ufike hospitali kabla ya saa ya dozi inayofuata, ili uamuzi wa kuimeza au kutoimeza uwe wa daktari na usiwe wa kubahatisha.

Ijue dawa yako ni ya kundi gani

Dawa hizi hazifanani katika namna zinavyoligusa ini, na ukilijua kundi la dawa yako utajua pia ni dalili gani uzitafute na katika majira gani.

Valproeti ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko dawa nyingine zinazotumika kila siku. Inaweza kulisumbua ini kwa njia zaidi ya moja. Kwanza, kwa baadhi ya watu hupandisha kidogo vimeng'enya vya ini, yaani protini za ini ambazo huvuja kwenye damu, hasa dozi inapokuwa kubwa, na mara nyingi vimeng'enya hivyo hushuka dozi ikipunguzwa au hata bila kubadilisha chochote. Pili, inaweza kupandisha amonia, taka ambayo ini hupaswa kuiondoa, katika damu na kumfanya mgonjwa asinziesinzie na kuchanganyikiwa, huku vimeng'enya vyake vikiwa vya kawaida kabisa. Tatu, na hili ndilo la nadra na baya zaidi, inaweza kulifelisha ini lote. Hatari hii ya tatu huwakabili hasa watoto wa chini ya miaka 2, wale wanaotumia dawa zaidi ya moja za kifafa, na wenye magonjwa ya kurithi yanayohusu namna seli zinavyotengeneza nishati, na kwa kawaida hutokea ndani ya miezi 6 ya mwanzo.

Fenitoini, kabamazepini, okskabazepini, fenobabito na lamotrijini hufuata njia nyingine. Madhara yao makubwa kwa ini mara nyingi huja pamoja na mzio wa mwili mzima, unaojitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 8 tangu dawa ianze: homa, vipele, uso kuvimba, tezi za shingoni kujaa, kisha ini na wakati mwingine figo kushambuliwa. Lamotrijini ikitumiwa pamoja na valproeti huanzishwa kwa dozi ndogo sana na kuongezwa polepole, kwa sababu valproeti huizuia isiondolewe mwilini kwa kasi yake ya kawaida, na kuharakisha dozi huongeza hatari ya vipele vikali. Usimshawishi daktari apandishe haraka, hata kama matokeo yanaonekana kuchelewa.

Gabapentini na pregabalini hutoka kwa njia ya figo karibu zote bila kubadilishwa na ini, na levetirasetamu nayo huondolewa zaidi na figo. Ndiyo maana dawa hizi hupendelewa kwa mtu ambaye ini lake tayari ni gonjwa. Felbameti ilianza kutumika Marekani mwaka 1993, na kufikia mwaka 1994 ilibidi madaktari wapewe onyo kali baada ya wagonjwa kufeliwa na ini na wengine uboho wao kuacha kutengeneza damu. Leo hutolewa tu pale dawa nyingine zinaposhindwa. Kanabidioli ya hospitali, dawa itokanayo na mmea wa bangi, pia hupandisha vimeng'enya vya ini, na hufanya hivyo zaidi kwa mtu anayetumia valproeti, hivyo anayechanganyiwa hizo mbili anastahili kupimwa mara kwa mara.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Omba damu ipimwe kabla ya kuanza dawa. Bila kipimo cha mwanzo, ALT (kimojawapo cha vimeng'enya vya ini) iliyopanda kidogo baada ya miezi mitatu haitakuambia chochote, kwa sababu huenda ilikuwa hivyo tangu zamani kutokana na homa ya ini ya aina ya B, mafuta kwenye ini au pombe.

Siku hiyo hiyo mweleze daktari mambo ambayo huenda asiyaulize kwa sababu ya foleni. Mweleze kama mtoto alichelewa kukaa, kutembea au kusema, na hasa kama alikuwa akijua kufanya mambo fulani kisha akaanza kuyasahau. Mweleze kama katika ukoo kuna mtoto aliyefariki kwa ugonjwa wa ini usioeleweka au kwa kifafa kikali cha utotoni. Maswali haya yanagusa jeni iitwayo POLG: mtu mwenye hitilafu katika jeni hiyo akipewa valproeti, uwezekano wa ini lake kufeli ni mkubwa mno, kiasi kwamba dawa hiyo hairuhusiwi kwake. Kipimo cha jeni hakipatikani kila mahali, lakini simulizi ya ukoo haihitaji maabara, na ikisemwa mapema inaweza kumfanya daktari achague dawa nyingine.

Mtaje pia dawa nyingine zote, zikiwemo za mitishamba, za kuongeza nguvu na za kupunguza uzito. Dawa ya asili si salama kwa ini kwa sababu tu imetokana na mmea. Na kama umewahi kutokwa na vipele vibaya kwa fenitoini, kabamazepini au fenobabito, sema kabla kalamu haijagusa karatasi, kwani anayepata mzio kwa mojawapo ana uwezekano mkubwa wa kuupata kwa hizo nyingine.

Wiki na miezi ya mwanzo

Tafuta daftari dogo na uandike juu ya ukurasa wa kwanza jina la dawa, dozi na tarehe ilipoanza. Chini yake, kila siku, andika mstari mmoja tu: amekula vipi, amelala vipi, ametapika au la, ameanguka mara ngapi, ana homa au vipele. Mstari huo unatosha. Faida yake huonekana pale mambo yanapobadilika taratibu, kwa kuwa anayemwona mgonjwa kila saa ndiye huchelewa kuyatambua mabadiliko yake.

Chukua mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliye katika wiki ya sita ya valproeti. Jumatatu amekataa uji. Jumanne amelala mchana kutwa na jioni akatapika. Jumatano ameanguka mara tatu, ilhali wiki mbili zilizopita hakuanguka kabisa. Mzazi akiyatazama mambo haya moja moja atasema tumbo limechafuka, mtoto amechoka, na dozi ya dawa haitoshi. Akiyasoma kwa pamoja kwenye daftari ataona picha nyingine: kukosa hamu ya kula, kulegea, kutapika, na degedege kurudi kwa nguvu bila dozi kurukwa. Hiyo ndiyo sura halisi ya ini linaloanza kuumizwa na valproeti, na kosa la hatari kuliko yote katika siku hiyo ni kumwongezea mtoto dawa kwa kudhani kwamba kifafa kimezidi. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama macho yake ni meupe, bila umanjano. Uso au miguu ikianza kuvimba, au michubuko na damu ya puani ikitokea bila sababu, ongeza kasi ya kumfikisha hospitali.

Manjano nayo hutafutwa kwa namna yake. Mtoe mgonjwa kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa nyingi za ndani hutia kila kitu rangi ya njano, kisha vuta kope ya chini taratibu huku yeye akitazama juu, na uangalie sehemu nyeupe ya jicho iliyokuwa imefichwa na kope. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi usitegemee ngozi. Angalia jicho na chini ya ulimi. Mkojo unaokuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea hata baada ya mtu kunywa maji ya kutosha, choo kinachopauka, na mwili kuwasha bila vipele ni dalili za upande huo huo. Kumbuka tu kwamba kwa valproeti manjano mara nyingi huchelewa kutokea, kwa hiyo kukosekana kwake si kibali cha kusubiri.

Kwa dawa za kundi la mzio, homa ndiyo inayotangulia mara nyingi, na katika mazingira ambayo homa ni jambo la kawaida ni rahisi kuitibu kama malaria au mafua huku dawa ikiendelea kumezwa. Mtu aliyeanza mojawapo ya dawa hizo ndani ya miezi miwili iliyopita, akapata homa pamoja na vipele au uso kuvimba, achukuliwe kuwa ana mzio wa dawa mpaka daktari aseme vinginevyo. Vidonda vya mdomoni, machoni au sehemu za siri, au ngozi inayobabuka, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Namna ya kuisoma karatasi ya maabara

Kila maabara huandika kiwango chake cha kawaida pembeni ya jibu. Soma jibu lako kwa kulinganisha na kiwango cha juu cha karatasi hiyo hiyo, usililinganishe na namba ya jirani aliyepimwa kwingine.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja seli zinapoumia. Vikipanda chini ya mara 3 ya kiwango cha juu, na mgonjwa akiwa anakula, anacheza na hana dalili yoyote, madaktari wengi huendelea na dawa na kurudia kipimo baada ya wiki chache. Vikizidi mara 3 na dalili zikiwepo, au vikizidi mara 5 hata bila dalili, kwa kawaida mjadala wa kupunguza au kubadilisha dawa huanza. Kinachotisha zaidi ni pale ALT inapozidi mara 3 na wakati huo huo bilirubini, ile rangi ya njano inayoondolewa na ini, inapozidi mara 2, bila ya njia ya nyongo kuwa imeziba. Daktari Hyman Zimmerman wa Marekani, aliyetumia maisha yake kuchunguza madhara ya dawa kwa ini, aliona kwamba mtu mmoja kati ya kumi au zaidi wa wanaofikia hali hiyo hufariki, na kanuni yake bado inatumika duniani kote.

GGT, kimeng'enya kingine cha ini, huwatia watu hofu bila sababu kuliko kipimo kingine chochote. Fenitoini, kabamazepini na fenobabito hulichochea ini lizalishe vimeng'enya zaidi, na GGT hupanda kwa sababu ini linafanya kazi kwa bidii, wala si kwa sababu limeharibika. ALP, nayo ni kimeng'enya, huweza pia kupanda kidogo. Tuseme mtu mzima anayetumia kabamazepini kwa miaka miwili, asiyeanguka tena, analetewa majibu yenye ALT 38 ambapo mwisho wa kawaida ni 40, bilirubini ya kawaida, na GGT 150 ambapo mwisho ni 60. Kwa maoni yangu, kumwachisha mtu huyu dawa inayomfaa kwa sababu ya GGT peke yake ni kumdhulumu. Anachohitaji ni kuulizwa kuhusu pombe, kisha kuendelea na ratiba yake ya kawaida.

Siku ya kupima ina uzito wake pia. Degedege kubwa huumiza misuli, na misuli nayo ina AST nyingi pamoja na ALT kiasi. Damu iliyochukuliwa muda mfupi baada ya kuanguka inaweza kuonyesha AST ya juu ambayo haihusiani na ini hata kidogo. Mweleze daktari kwamba mgonjwa alianguka jana. Kipimo cha CK, ambacho hupanda misuli ikiumia, kitasaidia kulimaliza swali hilo.

Kuna namba mbili zinazoonyesha kama ini bado linafanya kazi yake, nazo ni INR, kipimo cha muda damu inaotumia kuganda, na albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini. INR ikipanda bila mgonjwa kuwa anatumia dawa za kuyeyusha damu, maana yake ini huenda linashindwa kutengeneza vigandisho vya damu, na hiyo ni dharura hata kama ALT imeanza kushuka. ALT hushuka ini linapopona, lakini hushuka pia pale seli zinapokuwa zimekwisha. Albumini hubadilika polepole, kwa wiki, kwa hiyo haikupi habari za leo.

Anayetumia valproeti akianza kusinzia kupita kawaida, kujibu maswali kwa kuchelewa, kutembea kwa kuyumba au kutapika, omba apimwe amonia bila kujali ALT inasemaje. Hali hii hutokea kwa urahisi zaidi kwa anayetumia pia topirameti. Damu ya kipimo hiki inapaswa kuwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara haraka, kwa sababu ikikaa kwenye joto amonia huongezeka ndani ya chupa na jibu likawa la uongo. Si utovu wa adabu kuuliza kama hilo limefanyika.

Kuhusu mara ngapi upimwe, kwa valproeti ni kabla ya kuanza na mara kwa mara katika miezi 6 ya mwanzo, kwa ratiba anayoipanga daktari kulingana na umri na hatari ya mgonjwa. Baada ya hapo, kwa mtu asiye na dalili, vipimo vingi havisaidii kama macho ya anayemuuguza yanavyosaidia.

Vitu vinavyoliongezea ini mzigo

Parasetamoli inaweza kutumika, ila kwa dozi iliyoandikwa bila kuizidisha. Fenitoini, kabamazepini na fenobabito huweza kuongeza kiasi cha sumu ini linachotengeneza linapoichakata parasetamoli, hivyo mtu mzima anayezitumia, hasa akiwa mwembamba, asiyekula vizuri au anayekunywa pombe, asifikie ule upeo wa gramu 4 kwa siku bila kumuuliza mfamasia. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na ni rahisi kuimeza mara mbili bila kujua. Mtoto anayetumia valproeti asipewe aspirini, kwani aspirini huiondoa valproeti mahali ilipojishika kwenye protini za damu na kuiacha nyingi ikizunguka huru.

Dawa za kifua kikuu zinastahili tahadhari ya pekee. Isoniazidi peke yake inaweza kulidhuru ini, na zaidi ya hapo huzuia kabamazepini na fenitoini zisivunjwe, zikapanda hadi viwango vya sumu. Rifampisini hufanya kinyume, huzivunja haraka na kifafa kikarudi. Anayetibiwa magonjwa yote mawili ahakikishe kila kliniki inajua kinachotolewa na nyingine.

Valproeti huongeza uzito kwa watu wengi, na uzito huo huweza kuja pamoja na mafuta kwenye ini. Kupima uzito kila mwezi ni njia rahisi ya kuligundua jambo hili mapema.

Ukifika hospitali

Nenda na dawa zote katika makasha yake, daftari, na karatasi za vipimo vya zamani. Sentensi ya kwanza mbele ya mhudumu iwe na mambo yanayobadilisha uamuzi wake: «Anatumia valproeti kwa wiki sita, leo ni siku ya tatu hataki kula, anatapika na degedege limeongezeka, dozi ya mwisho ameimeza saa mbili asubuhi.» Maelezo kama hayo humtoa mgonjwa kwenye foleni ya matumbo yaliyochafuka. Uliza kama atapimwa ALT, AST, bilirubini, INR, amonia na sukari, kwa kuwa ini linaloshindwa huweza kuiacha sukari ishuke na sukari ya chini peke yake huleta degedege. Njiani, mgonjwa aliyelegea sana alazwe ubavu na asinyweshwe wala kumezeshwa chochote.

Ikithibitika kwamba valproeti ndiyo iliyoliumiza ini, itasimamishwa, mgonjwa atapewa dawa nyingine, na mara nyingi atapewa karnitini, kirutubisho kinachosaidia seli kutengeneza nishati, kwa mshipa. Vimeng'enya vitaendelea kupimwa mpaka virudi vilivyokuwa. Dawa iliyoliumiza ini kwa kiwango cha hatari, au iliyoleta mzio wa mwili mzima, haijaribiwi tena. Jina lake liandikwe kwenye jalada la mgonjwa na kwenye kadi atakayotembea nayo, pamoja na tarehe na kilichotokea. Kama mgonjwa alikuwa mtoto mdogo na sababu ya kurithi inashukiwa, ndugu zake wa tumbo moja wasianzishiwe valproeti kamwe kabla daktari wao hajaelezwa yaliyompata.